Mwalimu wa mazoezi: sheria inamtaka nini, na inamlinda vipi?

Shule nyingi za vijijini nchini Tanzania hupokea walimu wa mazoezi. Hawa ni vijana wa vyuo vya ualimu na vyuo vikuu wanaokuja kufundisha kwa wiki kadhaa, mafunzo ambayo wengi wanayaita BTP. Kwa mtoto aliyeko darasani, huyo ni mwalimu kama wengine. Kwa Serikali bado ni mwanachuo, hajaajiriwa. Je, akimuumiza mtoto, nani atawajibika?

Atakayewajibika kwanza ni yeye mwenyewe. Oktoba 2016 ilisambaa video ya walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi katika Shule ya Sekondari ya Mbeya Day. Serikali iliagiza wafukuzwe vyuoni, na suala hilo likafika polisi. Walikuwa bado masomoni, lakini hilo halikuwaokoa.

Nani anaruhusiwa kuchapa?

Kanuni za adhabu ya viboko zilitolewa mwaka 2002 chini ya Sheria ya Elimu. Zinasema hivi:

- Mwenye mamlaka ya kuchapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Mwalimu huyo naye lazima apate idhini ya mkuu kila mara anapotaka kuchapa.
- Viboko visizidi vinne.
- Mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina mwalimu wa kike.
- Kila adhabu iandikwe kwenye kitabu maalumu: jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko na jina la aliyechapa.

Kwa hiyo mwalimu wa mazoezi akiambiwa kwa mdomo tu, "Chukua fimbo, nenda kawanyooshe," ana haki ya kukataa. Mtoto akiumia, agizo lisilo na maandishi halitamsaidia polisi wala mahakamani. Makofi na mateke hayamo kabisa katika kanuni hizo.

Uhusiano na wanafunzi

Baadhi ya walimu wa mazoezi wana umri unaokaribiana na wa wanafunzi wa kidato cha tano au cha sita. Sheria haiangalii hilo. Anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30, kwa mujibu wa marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016. Na kama msichana hajafikisha miaka 18, kusema "alikubali mwenyewe" si utetezi. Hilo ni kosa la kubaka.

Mwalimu wa mazoezi naye analindwa

Kijana huyu ni mgeni kijijini, na alama zake ziko mikononi mwa watu wengine. Hapo ndipo wengine hutaka kumtumia vibaya. Mtu mwenye mamlaka juu yake, awe kiongozi wa shule au msimamizi kutoka chuoni, akidai ngono ili ampe alama nzuri, hiyo ni rushwa ya ngono. Ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Taarifa hupelekwa TAKUKURU kwa simu ya bure namba 113. Meseji zitunzwe, zisifutwe.

Vilevile, mzazi mwenye hasira akivamia shule na kumpiga mwalimu wa mazoezi, mzazi huyo ndiye anakuwa mkosaji. Aliyepigwa aende polisi akachukue fomu ya PF3 kisha akatibiwe, na akitaarifu chuo chake mapema.

Mzazi afanye nini?

Mtoto akirudi nyumbani na majeraha, mpeleke kwanza polisi kwa ajili ya PF3, halafu hospitali. Kama hali yake ni mbaya, tangulieni kwenye matibabu. Kisha nenda kwa mkuu wa shule uulize: aliyechapa alipewa ruhusa ya maandishi? Adhabu imeandikwa kitabuni? Hayo ni maswali halali, yaulize kwa utulivu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kunyanyaswa azipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa, kwa mfano ofisi ya kijiji au ustawi wa jamii. Unaweza pia kupiga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto. Mtoto mwenyewe naye anaweza kuipiga.