Taa za matangi ya matumbawe: Wati pekee hazitoshi

Wafanyabiashara wanaoingiza taa za matangi ya samaki kutoka Dubai na China na kuzisambaza katika miji ya Afrika Mashariki wanashauriwa kuwa waangalifu wanapopokea oda ya mteja mwenye tangi la matumbawe. Taa inayotosha kwa samaki wa mapambo huenda isitoshe kabisa kwa matumbawe, na hasara yake haionekani siku ya kwanza. Huonekana baada ya wiki kadhaa, wakati mzigo umeshavuka mpaka na fedha zimeshalipwa.

Matumbawe ni wanyama, si mawe wala mimea. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza chakula na sehemu kubwa ya chakula hicho humfikia mnyama anayeuhifadhi. Baharini kazi hiyo hufanywa na jua. Ndani ya nyumba, hoteli au ofisi hufanywa na taa. Kwa hiyo taa dhaifu juu ya tangi la matumbawe ni sawa na kumnyima mfugo malisho.

Dalili za kosa zinajulikana. Matumbawe yaliyokosa mwanga hugeuka rangi ya kahawia na mengine hurefuka kuutafuta. Yaliyopigwa na mwanga mkali kuliko yalivyozoea hupauka na kuwa meupe kwa sababu mwani hutoka mwilini. Joto la maji likizidi hutokea hivyo hivyo, kama ilivyokuwa kwenye miamba ya pwani ya Kenya na Tanzania mwaka 1998 wakati wa El Niño. Muuzaji anayepokea malalamiko aulize kwanza rangi imebadilika vipi, maana jibu hilo huonyesha kama taa ipunguzwe au iongezwe.

Vipimo vya kuangalia kwenye boksi

Kosa la kawaida ni kununua kwa kuangalia wati. Wati huonyesha umeme unaoliwa na taa, si mwanga unaofika kwenye matumbawe. Lumeni nazo hupotosha, kwa sababu kipimo hicho kimewekwa kufuata jicho la binadamu, ambalo huona zaidi rangi ya kijani na manjano. Mwanga wa buluu, ambao ndio muhimu kwa matumbawe, hutoa lumeni chache hata ukiwa na nguvu nyingi. Taa yenye lumeni nyingi inaweza basi kuwa duni kwa kazi hii.

Kipimo kinachotumika ni PAR, yaani kiasi cha mwanga unaoweza kutumiwa na mwani, kinachohesabiwa kwa mikromoli kwa kila mita ya mraba kwa sekunde. Jua la mchana juu ya bahari hufikia takriban 2,000. Ndani ya tangi, wafugaji wengi hufuata viwango hivi:

- Matumbawe laini na ya umbo la uyoga: 50 hadi 100.
- Matumbawe magumu yenye nyama nene: 80 hadi 150.
- Matumbawe magumu yenye matawi na vitundu vidogo, kama Acropora: 200 hadi 350.

Muuzaji amwombe mtengenezaji mchoro unaoonyesha PAR katika kina mbalimbali. Namba moja iliyopimwa karibu kabisa na taa haina maana kubwa, kwani mwanga hupungua kadiri unavyoshuka na kusambaa. Katika tangi lenye kina cha sentimita 40, mwanga wa chini mara nyingi huwa nusu ya ule wa juu au pungufu.

Rangi nayo ina uzito wake. Maji ya bahari huumeza mwanga mwekundu katika mita chache za mwanzo, wakati buluu huenda mbali zaidi. Matumbawe yamezoea hali hiyo, na mwani wake hutumia vizuri mwanga wa nanomita 400 hadi 480. Taa za nyumbani huwa kati ya kelvini 2,700 na 6,500, zikielekea manjano au weupe. Taa za matumbawe kwa kawaida huwa kelvini 10,000 hadi 20,000, na huonekana za buluu. Mteja asiyefahamishwa mapema anaweza kudhani ameuziwa taa mbovu.

Aina tatu za taa

Aina ya kwanza ni metali halaidi. Zina mwanga mkali sana, lakini hutoa joto kubwa. Katika miji ya pwani kama Mombasa na Dar es Salaam, ambako chumba chenyewe ni cha joto, tangi dogo chini ya taa hiyo huhitaji mashine ya kupoza maji ili libaki kati ya nyuzi 24 na 27. Gharama hiyo huongezeka juu ya bei ya taa.

Aina ya pili ni mirija ya T5. Husambaza mwanga vizuri bila vivuli vikali, lakini hupungua nguvu polepole na hubadilishwa kila baada ya miezi 9 hadi 12. Aidha, ina zebaki na huvunjika njiani. Mkutano wa nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata uliofanyika Geneva mwaka 2023 uliweka 2026 na 2027 kuwa miaka ya mwisho ya kutengeneza, kuingiza na kusafirisha nje mirija ya matumizi ya kawaida, kutegemea unga uliopakwa ndani yake. Mwenye akiba ya mirija ahakikishe kwanza kama aina yake inaguswa kabla ya kuagiza mingine.

Aina ya tatu ni LED, ambayo sasa ndiyo chaguo la wengi kwa matangi madogo. Hula umeme kidogo na huweza kupunguzwa au kuongezwa. Udhaifu wake ni kwamba lenzi nyembamba huchoma sehemu moja ya tangi na kuacha nyingine gizani. Feni zake pia huziba kwa chumvi, hivyo taa yenye alama ya IP inayozuia maji ni bora zaidi.

Mfano wa tangi dogo

Tangi la sentimita 60 kwa 40 kwa 40 huchukua takriban lita 96. Kwa matumbawe laini na yenye nyama nene, taa nzuri ya LED ya wati 60 iliyoning'inizwa sentimita 20 hadi 30 juu ya maji kwa kawaida hutosha. Ikiwaka saa 9 kwa siku, hula uniti 0.54, sawa na uniti 16 hivi kwa mwezi. Metali halaidi ya wati 150, pamoja na balasti yake, huvuta kama wati 170. Kwa saa hizo hizo hula karibu uniti 46 kwa mwezi, bila kuhesabu mashine ya kupoza.

Taa mpya isiwashwe kwa nguvu zote. Mteja aanze na asilimia 30 hadi 50 na kuongeza kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi nne. Maelezo hayo yakiandikwa kwa Kiswahili na kuwekwa ndani ya boksi, malalamiko mengi yatapungua.

Plagi na karatasi za mpakani

Plagi ya pini tatu bapa inayotumika Dubai ndiyo ya Kenya, Uganda na Tanzania. Rwanda, Burundi na Kongo hutumia zaidi pini za duara. Taa kutoka Marekani huweza kuwa ya volti 120 pekee, hivyo adapta iandikwe 100 hadi 240.

Kwenye forodha, taa iliyokamilika na mwili wake huwekwa kundi la 9405, wakati balbu na mirija huingia 8539. Wafanyabiashara wadogo wakumbuke pia kwamba utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 ni wa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Taa iliyotengenezwa China haipati nafuu hiyo hata ikinunuliwa Nairobi.

Onyo kubwa zaidi ni kwa wasafirishaji. Mteja wa taa anaweza kuomba aletewe na matumbawe yenyewe katika safari hiyo hiyo. Matumbawe magumu yaliyo hai yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, pamoja na mawe hai ya baharini yanayouzwa kwa matangi. Vipande vilivyooteshwa nyumbani navyo huhitaji kibali kabla ya kuvuka mpaka. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote ni wanachama. Dereva anayebeba mfuko wa matumbawe bila kibali huhatarisha gari na mzigo wote uliomo.

Kabla ya kutuma fedha kwa msambazaji, muuzaji apate kwa mteja majibu manne: tangi lina kina gani, matumbawe ni ya aina gani, taa itawaka saa ngapi kwa siku, na chumba kina joto kiasi gani. Mteja akishindwa kuyajibu, ni afadhali oda isubiri.