Wanawake ambao hawamo kwenye picha ya dukani

Na Mwandishi Wetu

UKIINGIA katika duka la jumla la Mhindi, iwe Kampala, Kisumu au Mwanza, kabla hujaulizia bei ya katoni ya sabuni tupa jicho ukutani, juu ya droo ya fedha. Kama mwenye duka ni Mhindu (maana si kila Mhindi ni Mhindu, wapo Waismailia, Mabohora na Masingasinga), huenda ukaona picha iliyovishwa shada la maua, na udi ukifuka mbele yake. Katikati amesimama mwanamume mwenye upinde. Ubavuni mwake yupo mwanamke aliyevaa sari, upande wa pili mwanamume mwingine mwenye upinde, na chini amepiga magoti kiumbe mwenye sura ya nyani.

Hao ni Rama, mkewe Sita, mdogo wake Lakshmana na mtumishi wao mwaminifu Hanuman. Wateja wamekuwa wakiiona picha hiyo miaka nenda miaka rudi, wakilipa na kuondoka. Lakini je, umewahi kujiuliza kama huyo mwanamume wa pili hana mke?

Anaye. Anaitwa Urmila, na hayumo kwenye picha kwa sababu aliachwa nyumbani.

Kwa wasioijua hadithi, utenzi wa Ramayana, ambao Wahindu husema ulitungwa na Valmiki, una beti zipatazo 24,000. Unasimulia habari za Rama, mwana mkubwa wa Mfalme Dasharatha wa Ayodhya, kaskazini mwa India. Usiku wa kuamkia siku ya kutawazwa, mama yake wa kambo, Kaikeyi, alimkumbusha mfalme ahadi mbili alizompa zamani. Akataka mwanawe Bharata apewe kiti, na Rama apelekwe uhamishoni porini kwa miaka 14. Mfalme alilia, lakini ahadi ni deni. Rama akaondoka. Sita akakataa kubaki, akasema pale alipo mume ndipo nyumbani. Lakshmana naye akakataa kumwacha kaka yake.

Urmila alikuwa mdogo wake Sita. Wote wawili walilelewa na Mfalme Janaka wa Mithila, na waliolewa siku moja. Siku hiyo ndugu wanne wa Ayodhya waliwaoa mabinti wanne wa ukoo mmoja. Katika maelfu hayo ya beti, Urmila anatajwa kwenye harusi, na baada ya hapo ni kama ardhi imemmeza. Dada mtu amekwenda porini, mume amekwenda porini, baba mkwe amekufa kwa huzuni, na hatuambiwi yeye alisema nini hata neno moja.

Msomaji uliyewahi kuishi ukimbizini unajua kwamba habari za uhamisho husimuliwa zaidi na waliotoka. Waliobaki nyuma wakilinda mji, wakiuguza wazee na kuhesabu miaka, hao hawaulizwi. Labda ndiyo maana watu wa kawaida hawakuridhika na kimya cha Valmiki, wakajaza pengo wenyewe.

Kusini mwa India, miongoni mwa wasemaji wa Kitelugu, wanawake wana wimbo wao mrefu unaohusu usingizi wa Urmila. Wanasema Lakshmana aliapa kutolala hata usiku mmoja ili awalinde kaka na shemeji yake. Lakini usingizi nao una haki yake. Mungu wa kike wa usingizi, Nidra, akataka mtu wa kuubeba mzigo huo. Ukapelekwa kwa Urmila. Akalala miaka 14, usingizi wake na wa mumewe pamoja.

Kuna simulizi zinazoongeza kuwa bila hilo vita isingeshindwa. Mwana wa Ravana, yule mfalme wa mazimwi aliyemteka Sita, aliitwa Indrajit, na hakuweza kuuawa ila na mtu ambaye hajalala kwa miaka yote hiyo. Lakshmana ndiye aliyemuua. Anayeielewa hadithi kwa namna hii ataona kwamba nusu ya ushindi ulipatikana katika chumba kimoja cha giza kule Ayodhya, wala hakuna aliyekwenda kutoa pongezi.

Sehemu inayogusa zaidi katika wimbo huo ni ya kurudi. Lakshmana anaingia chumbani na kumwamsha mkewe. Urmila anafumbua macho, anamwona mwanamume aliyekonda kwa miaka ya porini, hamtambui. Anamfokea kama mgeni mvunja heshima, akimtishia kwa jina la baba yake na la shemeji zake. Inabidi mume ajieleze yeye ni nani, nyumbani kwake mwenyewe. Nani kati ya waliorudi asiyeujua mlango wa namna hiyo?

Washairi wasomi walichelewa kumkumbuka. Zaidi ya karne moja iliyopita, Rabindranath Tagore wa Bengal, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1913, aliandika insha akiwalaumu washairi wa kale kwa kuwatupa wanawake kama Urmila. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1930, mshairi wa Kihindi Maithili Sharan Gupt alitoa utenzi wake uitwao Saket, ambamo Urmila amepewa nafasi ya kusema yaliyomjaa moyoni.

Hata taa za Diwali zinazowashwa kila mwaka mbele ya maduka, kwa watu wengi wa India ya kaskazini ni kumbukumbu ya Ayodhya ilivyowapokea Rama na wenzake walipotoka uhamishoni. Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 kwa notisi ya siku 90, na baadhi yao wakarudi miaka ya 1990 kudai nyumba na maduka yao, nadhani huziangalia taa hizo kwa jicho lao wenyewe.

Tumwache Urmila, twende kwenye utenzi wa pili, Mahabharata, ambao ni mrefu zaidi. Unahesabiwa kuwa na beti kama 100,000, na habari yake kubwa ni vita ya binamu wanaogombea ufalme. Ndani yake kuna biashara moja ambayo wafanyabiashara wa mpakani wataielewa upesi kuliko maprofesa.

Kijana mmoja, Galava, alihitimu masomo kwa mwalimu wake Vishvamitra. Mwalimu akamwambia aende zake kwa amani, hadai kitu. Galava akang'ang'ania kulipa ada, akang'ang'ania tena, hadi mwalimu akakasirika: basi niletee farasi 800, weupe kama mbalamwezi, kila mmoja awe na sikio moja jeusi. Mali ya aina hiyo haipatikani sokoni. Galava akaenda kuomba kwa Mfalme Yayati, aliyesifika kwa ukarimu. Yayati hakuwa na farasi, na hakutaka sifa yake ichafuke kwa kumrudisha mwombaji mikono mitupu. Akamtoa binti yake, Madhavi.

Mfalme wa kwanza waliyemwendea, Haryashva wa Ayodhya, alikuwa na farasi 200 tu wa namna hiyo. Galava akakwama. Aliyepiga hesabu ni Madhavi mwenyewe. Alikuwa na baraka kwamba kila akizaa hurudia ubikira wake, hivyo akashauri apelekwe kwa wafalme wanne, kila mmoja atoe farasi 200 na apate mwana mmoja. Ikawa hivyo kwa Haryashva, kisha kwa Divodasa wa Kashi, kisha kwa Ushinara wa Bhoja. Wana watatu, farasi 600. Hapo Garuda, mfalme wa ndege, akamwambia Galava asihangaike tena, farasi wengine wa aina hiyo hawapo duniani. Madhavi akapelekwa kwa mwalimu mwenyewe kufidia 200 waliopungua. Na mwalimu alipomwona akauliza kwa nini hakuletwa kwake tangu mwanzo, angepata wana wote wanne!

Wafalme walipata warithi, mwalimu alipata ada na mtoto juu yake, mwanafunzi alimaliza deni, na baba alibaki na jina zuri. Mtaji ulikuwa wa mtu mmoja tu, na huyo hakubakishiwa hata mtoto wa kubeba.

Aliporudishwa kwao, baba yake alimfanyia karamu ili ajichagulie mume kati ya wafalme waliokusanyika. Madhavi akawapita wote, akauchagua msitu. Akaishi humo akila majani kama paa. Hadithi ina mwisho wa ajabu: Yayati alipofukuzwa mbinguni kwa majivuno yake, aliangukia penye wajukuu wake wanne, na Madhavi akatoka msituni kumgawia nusu ya thawabu zake ili apande tena. Mimi nisingemgawia, lakini mimi si Madhavi. Mwandishi Bhisham Sahni aliutungia mkasa huo tamthilia katika miaka ya 1980.

Yupo pia Amba, binti wa mfalme wa Kashi. Bhishma, shujaa aliyekuwa amekula kiapo cha kutooa, alimteka yeye na dada zake wawili ili wawe wake za mdogo wake. Amba akasema ana mchumba, Mfalme Shalva, na Bhishma akamruhusu aende. Shalva akamkataa kwa kuwa ameshikwa na mwanamume mwingine. Akarudi alikotoka, nako wakamkataa. Bhishma naye akajitetea kwa kiapo chake. Mwanamke huyo alikwama kama mtu aliyegongewa muhuri wa kutoka upande mmoja, akanyimwa wa kuingia upande wa pili. Akafunga na kuomba miaka mingi, mungu Shiva akamwahidi kisasi, akajitupa motoni. Akazaliwa upya kwa jina la Shikhandi, akiwa msichana ambaye baadaye aligeuka mwanamume. Siku ya kumi ya vita alisimama mbele ya Arjuna, na Bhishma akakataa kumpiga. Mishale ya Arjuna ikamwangusha mzee huyo.

Nimemweka Hidimbi mwisho kwa kuwa yeye alipata malipo, ingawa si utenzini. Alikuwa zimwi wa msituni, akatumwa na kaka yake kuwaua ndugu watano wa Pandava waliokuwa wakitoroka. Akampenda mmoja wao, Bhima. Bhima alimuua kaka mtu, kisha akamwoa dada kwa ruhusa ya mama yake, Kunti, kwa sharti kwamba wataishi pamoja mpaka mtoto azaliwe, basi. Akazaliwa Ghatotkacha, na baba akaondoka na nduguze. Miaka ikapita, vita ikaja, wakamkumbuka kijana. Aliuawa usiku kwa mkuki ambao Karna alikuwa ameuweka akiba kwa ajili ya Arjuna, na Krishna akafurahi kwa kuwa Arjuna amesalimika. Hakuna ubeti unaotuonyesha nani aliyempelekea mama taarifa.

Lakini kule Manali, chini ya milima ya Himalaya, Hidimbi ni mungu wa kike. Hekalu lake la mbao, lenye mapaa yaliyopandana katikati ya mierezi mirefu, lilijengwa mwaka 1553 na Raja Bahadur Singh, na ukoo wa kifalme wa Kullu humwita bibi. Kila mwaka Kullu hufanya Dussehra, sikukuu ya ushindi wa Rama, na sanamu yake huvutwa kwenye gari kubwa mbele ya maelfu ya watu. Miungu ya vijiji vya bondeni huletwa ikiwa imebebwa mabegani. Sherehe haianzi mpaka Hidimbi awe amefika.