Anayejua Dawa Ajue na Kuieleza

Tuchukue mfano wa mgonjwa aliyeanza dawa za kifua kikuu. Kesho yake anaona mkojo wake umekuwa mwekundu. Anashtuka, anadhani ni damu, anaacha dawa kimyakimya.

Kumbe si damu. Kati ya dawa hizo imo rifampisini, ambayo huupa mkojo, jasho na hata machozi rangi ya machungwa au nyekundu. Rangi hiyo haidhuru. Neno moja tu la mapema lingemtoa hofu.

Kwa kawaida matibabu huchukua miezi 6: dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4. Baada ya wiki chache kikohozi hupungua, na mgonjwa hujiona amepona. Lakini vijidudu bado vimo. Akiacha njiani, vilivyobaki vinaweza kuwa sugu, na watu wa nyumbani wakaambukizwa. Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, inahudumia wagonjwa wa kifua kikuu tangu mwaka 1926.

Ndiyo maana tunasema kwamba mwanafunzi wa udaktari, uuguzi, famasia au maabara afundishwe pia kueleza. Hapa Moshi chuo cha udaktari cha KCMC kilianza mwaka 1997. Vitabu vya fani hizi ni vya Kiingereza, na mtihani huandikiwa mwalimu. Bibi wa Kibosho hajui Kiingereza hicho, naye ndiye atakayemeza dawa.

Kueleza hufundishwa na hufanyiwa mazoezi, kama kupiga sindano:

1. Tumia maneno ya nyumbani.
2. Sema machache yaliyo ya lazima, na utaje mapema yatakayomshtua mgonjwa.
3. Mwombe arudie kwa maneno yake mwenyewe. Akikosea, usimkaripie, wewe ndiwe hukueleweka. Eleza tena.

Nasi wazazi tunaweza kusaidia. Kijana anayesoma sayansi akija likizo, mketishe na babu na bibi awaeleze somo moja alilojifunza. Wasipoelewa, ajaribu njia nyingine.

Nawe ukienda hospitali, usiondoke kabla ya kuuliza: Naumwa nini? Dawa nitatumia kwa muda gani? Nitegemee mabadiliko gani mwilini? Kuuliza si ujinga.