Kura si Korosho ya Kangomba

Mkulima wa Mkunya, wilayani Newala, hahitaji kufundishwa maana ya kangomba. Wakati ghala limebaki tupu na mikorosho bado haijazaa, hufika mtu mwenye fedha mkononi na maneno laini kinywani. Hulipa kidogo leo ili achukue nyingi kesho. Msimu ukiwadia, mkulima humkabidhi korosho zake kwa kipimo kisichojua mizani, kisha hukaa barazani akiwatazama wenzake wakienda mnadani. Serikali imeipiga marufuku biashara hiyo, na wananchi wenyewe wanajua kwamba ni unyonyaji.

Lakini iko kangomba nyingine, ambayo wengi wetu bado tunaichekea. Hiyo ni kangomba ya kura. Mtu anautaka ubunge; basi, miezi mingi kabla ya uchaguzi huanza kuonekana misibani na ngomani, akigawa khanga, sukari na noti zilizokunjwa. Mwandishi wa makala haya ni kada wa Chama, naye amekwisha kuyaona hayo kwa macho yake, tena katika kura za maoni za wanachama wenzake. Mchana wagombea husimama pamoja mbele ya wajumbe na kujieleza kwa dakika zilizo sawa. Usiku mmoja wao hupita mlango kwa mlango. Tusidanganyane, ndugu zangu: linaloamua mara nyingi ni la usiku.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, mkutano wa wilaya wa TANU uliwapigia kura waombaji, na Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili kwa kila jimbo. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Mikutano ya kampeni iliandaliwa na Chama, na wagombea wote wawili walihutubia jukwaa moja. Walikatazwa kutumia kabila, dini au rangi kujipatia kura, na walitakiwa kusema Kiswahili. Mmakonde, Mmakua na Myao wote walisikia maneno yale yale.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Ndugu Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyejenga ushirika wa wakulima wa pamba, alishindwa Mwanza. Bibi Titi Mohamed, ambaye sauti yake iliwaamsha maelfu ya wanawake wakati wa kudai Uhuru, alishindwa Rufiji. Hawakuwa watu wadogo hao. Wananchi waliwapima, wakatoa uamuzi wao, na uamuzi ukaheshimiwa.

Hapa kwetu kusini tunao mfano wa aliyepimwa akakubaliwa. Marehemu Ndugu Benjamin William Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi, aliingia Bungeni kwanza kwa kuteuliwa na Rais. Alikwisha kuwa mhariri wa magazeti, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje tangu mwaka 1977, kisha balozi Kanada na Marekani, na mwaka 1984 akarudi katika wizara ile ile. Pamoja na heshima yote hiyo, mwaka 1985 alikwenda Nanyumbu, ambayo siku hizo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Masasi, kuwaomba kura wakulima. Walimpa, na mwaka 1990 wakampa tena. Ilipofika mwaka 1995 taifa zima lilimchagua kuwa Rais. Mtu aliyezoea kusema mbele ya mataifa hakuona haya kusimama mbele ya mkulima na kungoja jibu lake.

Hatusemi kwamba utaratibu wa zamani ulikuwa mkamilifu. Chama kilikuwa kimoja, na neno la mwisho juu ya majina mawili lilitoka juu. Mwananchi asiyempenda wa jembe wala wa nyumba hakuwa na wa tatu. Ndiyo sababu mwaka 1992 nchi ilirejea katika vyama vingi, na hatuna haja ya kurudi nyuma. Lakini kutupa chombo kizima kwa sababu kilikuwa na ufa ni hasara. Lile jukwaa moja, ambalo tajiri na maskini walilipanda wakiwa sawa, lilikuwa jambo jema.

Badala yake tulipata nini? Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, na takrima ikahalalishwa kwa jina la ukarimu wa jadi. Babu zetu walimkirimu mgeni bila kumdai kitu. Huu ulikuwa ukarimu wa kudai kura. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliitengua takrima kwa kuwa inakiuka Katiba, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Basi sheria ipo. Kilichobaki ni sisi.

Tufikirie maji. Kwa miaka mingi akina mama wa uwanda wa Makonde wameteremka mabonde na kupanda tena na ndoo kichwani, na hakuna mgombea aliyepita hapa bila kuyataja maji. Mwananchi aliyempa kura bure anaweza kumwuliza mbunge wake baada ya mwaka mmoja: bomba liko wapi? Aliyepokea khanga atauliza kwa ulimi gani? Amekwisha kulipwa. Deni la mbunge kwake limefutwa siku ile ile, na khanga yenyewe imechakaa kabla Bunge halijamaliza mwaka wake wa kwanza.

Chuoni, mbele ya mwalimu wetu wa Kurani, tulifundishwa kwamba amana hairithiwi wala haiuzwi; hurudishwa kwa mwenyewe. Shuleni tulifundishwa kwamba uongozi ni dhamana. Mafundisho hayo mawili ni kitu kimoja. Hapana budi basi sisi makada tuwe wa kwanza kuwataja wanaogawa, hata wakiwa rafiki zetu, na wajumbe wawe wa kwanza kukataa. Na siku ya kupiga kura, kila mtu aende na kura yake ikiwa nzima, kama anavyotamani kwenda mnadani na korosho zake zote.