Sarafu ya Miaka Kumi ya Uhuru: sh. 5/- iliyoachwa nyuma na soko

MKULIMA wa Chanzuru, wilayani Kilosa, ambaye mwaka 1971 angetia sarafu 100 za shilingi tano ndani ya chungu na kukifukia, angekuwa amejiwekea akiba ya sh. 500/-. Kwa kiwango cha ubadilishaji cha mwaka huo, takriban sh. 7.14 kwa dola moja ya Marekani, akiba hiyo ilikuwa sawa na dola 70. Leo sh. 500/- ni sarafu moja tu, ile iliyotolewa mwaka 2014, na haifikii senti 25 za dola.

Sarafu inayozungumzwa hapa ni ile ya pembe kumi, yenye sura ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyotolewa mwaka 1971 kuadhimisha miaka kumi ya Uhuru wa Tanganyika, uliopatikana Desemba 9, 1961.

Wakati huo Benki Kuu ya Tanzania, iliyofunguliwa Juni 14, 1966, ilikuwa na umri wa miaka mitano tu, chini ya Gavana wake wa kwanza, Bw. Edwin Mtei. Sarafu zake za mwanzo, za senti 5, 20 na 50 na ya shilingi moja, zilichukua nafasi ya fedha za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Shilingi tano ilikuja baadaye, ikiwa kubwa kuliko zote.

Sarafu hiyo pia iliingia katika mpango wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, ulioanza mwaka 1968, wa kuzihimiza nchi kutangaza kilimo kwa njia ya sarafu. Kwa wilaya ya wakulima kama Kilosa, ujumbe huo ulikuwa wa nyumbani.

Miji nayo hutimiza miaka na kutaka kumbukumbu. Hata hivyo, hakuna halmashauri ya mji inayoweza kutoa sarafu yake. Kisheria kazi hiyo ni ya Benki Kuu peke yake. Mji unaweza kutoa medali, lakini medali haipokelewi dukani.

Tatizo la sarafu ya 1971 ni kwamba ilipokelewa dukani. Ilitengenezwa kwa shaba na nikeli, si madini ya thamani, na ilitegemea nguvu ya shilingi yenyewe. Baada ya serikali kuanza mpango wa kufufua uchumi mwaka 1986, shilingi ilishushwa thamani mara kadhaa. Kufikia mwaka 1990 dola moja ilikuwa karibu sh. 195, na katika miaka ya hivi karibuni imepita sh. 2,000.

Hali ni tofauti kwa sarafu za hifadhi ya wanyama za mwaka 1974. Ile ya sh. 1,500/- yenye picha ya duma ilikuwa ya dhahabu na ilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji. Aliyenayo hatazami maandishi yake. Anauliza bei ya dhahabu duniani.

Kwa wenye sarafu za pembe kumi majumbani, ushauri ni huu. Kwanza, tazama mwaka, kwani sarafu nyingine za shilingi tano za miaka ya 1970 zina umbo hilo hilo. Pili, usiisugue kwa mchanga wala majivu. Mkusanyaji hulipa zaidi sarafu isiyochubuka. Tatu, jihadhari na anayeahidi mamilioni huku akidai ada kwanza. Sarafu hii ilitolewa kwa matumizi ya kawaida, na haigeuki mali kwa sababu ya uzee tu.

Mwenzake mkulima wa chungu, ambaye mwaka 1971 alinunua mbuzi kwa fedha zake, huenda bado ana zizi.