Kabla Hujatia Dole Gumba: Kusoma Karatasi ya Mkopo

(Haya ni maneno ya somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Yamepigwa chapa ili darasa liyasome tena pole pole baada ya kusikiliza. Mwalimu wa darasa aandike kwanza maneno haya ubaoni: mkopo, riba, asilimia, rejesho, dhamana, mdhamini, stakabadhi.)

Kila mtu awe na daftari na kalamu, maana leo tutasoma na tutafanya hesabu pia.

Katika masomo yaliyopita tumejifunza kusoma barua, kuandika majina yetu, na kujumlisha na kutoa. Leo tutatumia elimu hiyo yote kwa kazi moja. Tutasoma karatasi ya mkopo.

Pengine utauliza, "Kwa nini tujifunze jambo hili? Mbona watoto wetu shuleni hawafundishwi?" Ni kweli. Mtoto wa shule hufundishwa asilimia. Hupewa hesabu ya riba, akaifanya, akapata alama ya vema. Lakini mara nyingi hamalizi shule akiwa ameshika karatasi ya mkopo hata moja. Haonyeshwi mahali riba inapoandikwa, wala hafundishwi kuuliza swali kabla ya kutia sahihi. Basi akiwa mtu mzima huletewa karatasi hiyo juu ya meza, na mwenye fedha anamwambia, "Tia sahihi hapa, na hapa, na hapa." Naye hutia. Wengi wamepoteza baiskeli, cherehani, ng'ombe na hata kiwanja kwa namna hiyo, na miongoni mwao wamo waliojua kusoma vizuri.

Sisi hatusemi kwamba kukopa ni kubaya. Mkulima hukopa apate mbolea, na mfanyabiashara hukopa apate mtaji. Lakini wazee wetu walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Tujifunze basi kuyaona matanga mapema, wakati bado tuko harusini.

Kwanza: asilimia ni nini?

Asilimia 10 maana yake ni 10 katika kila 100. Ukikopa shilingi 100 kwa riba ya asilimia 10, utalipa shilingi 100 uliyokopa na shilingi 10 juu yake.

Tuseme mama mmoja muuza vitumbua anakopa shilingi 200,000. Riba ni asilimia 10. Fanya hivi: gawanya 200,000 kwa 100, utapata 2,000. Zidisha kwa 10, utapata 20,000. Riba ni shilingi 20,000.

Usiweke kalamu chini. Kuna swali moja ambalo lazima uulize kila mara: ni asilimia 10 kwa muda gani? Kwa mwaka, kwa mwezi, au kwa juma? Ikiwa ni kwa mwaka, mama atalipa riba ya 20,000 kwa mwaka mzima. Ikiwa ni kwa mwezi, na deni likabaki lilivyo mwaka mzima, atalipa 20,000 mara 12. Hiyo ni 240,000. Riba imepita mkopo wenyewe! Tarakimu ni ile ile 10, lakini neno "mwaka" na neno "mwezi" yametofautiana kwa shilingi 220,000.

Mikopo ya simu nayo ni hivyo. Huko Kenya, mkopo wa M-Shwari ulipoanza mwaka 2012, mkopaji alitozwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Mtu asiyeuliza muda atasema, "Hii ni rahisi kuliko benki." Lakini akikopa vivyo hivyo kila mwezi kwa miezi 12, atakuwa ametozwa 7.5 mara 12, yaani asilimia 90 kwa mwaka.

Pili: riba inayozaa riba

Sasa tazama jambo la hatari zaidi. Tuseme yule mama hakulipa kitu mwezi wa kwanza, na karatasi inasema kwamba riba isiyolipwa itaongezwa katika deni. Andika katika daftari:

Mwisho wa mwezi wa 1: 200,000 na riba 20,000 = 220,000.
Mwisho wa mwezi wa 2: 220,000 na riba 22,000 = 242,000.
Mwisho wa mwezi wa 3: 242,000 na riba 24,200 = 266,200.

Unaona? Riba haikubaki 20,000. Inakua, kwa sababu sasa riba nayo inatozwa riba. Deni hilo likiachwa, mwezi wa 8 litakuwa limepita shilingi 400,000, yaani zaidi ya mara mbili. Mwisho wa mwezi wa 12 litakuwa limepita shilingi 627,000. Wala mama hakukopa tena hata senti moja.

Kwa hiyo usilifiche deni. Ukiona huwezi kulipa, nenda kwa mkopeshaji mapema, kabla ya siku ya rejesho, mzungumze. Na mkikubaliana mpango mpya, uandikwe.

Tatu: fedha uliyopokea na fedha uliyoandikiwa

Sasa tufanye hesabu ya mkopo wa marejesho ya kila juma. Mitaani watu wameipa mikopo mikali ya namna hii jina la "kausha damu". Soma hesabu hii mara mbili.

Karatasi inasema: mkopo shilingi 200,000, riba asilimia 20, rejesho shilingi 15,000 kila juma kwa majuma 16. Mama anahesabu: 15,000 mara 16 ni 240,000. Anasema, "Nimeongeza 40,000 tu."

Lakini siku ya kupokea fedha, anakatwa shilingi 5,000 ya fomu na shilingi 15,000 ya bima. Anatoka mlangoni na shilingi 180,000. Basi hesabu ya kweli ni hii: amepokea 180,000, atalipa 240,000. Mkopo umemgharimu 60,000. Kwa kila shilingi tatu alizopokea, anaongeza moja.

Tena kuna jambo lingine ambalo halionekani upesi. Mama huyu hakai na shilingi 180,000 kwa majuma yote 16. Baada ya majuma 8 amekwisha kurudisha 120,000. Fedha ya mkopeshaji iliyobaki kwake ni kidogo sana, lakini riba ilihesabiwa tangu mwanzo kana kwamba angali nayo yote. Kwa hiyo muulize mkopeshaji: "Je, riba inapungua kadiri ninavyolipa, au inahesabiwa juu ya mkopo wote mpaka mwisho?" Swali hilo ni haki yako kuliuliza.

Nne: je, kazi yako inaweza kubeba rejesho?

Kabla ya kukopa, fungua daftari la biashara. Tuseme mama akiondoa gharama ya unga, sukari, mafuta na kuni, hubakiwa na faida ya shilingi 3,000 kwa siku. Kwa siku 6 ni 18,000. Rejesho ni 15,000. Zinabaki 3,000 kwa juma. Je, nyumbani watakula nini? Na juma la mvua, au juma mtoto anapougua, itakuwaje? Ikiwa mkopo hautaongeza faida, mama huyu atakopa kwa mtu wa pili ili amlipe wa kwanza. Hapo ndipo watu wanapozama.

Asiye na daftari hawezi kufanya hesabu hii. Ndiyo maana tunaambiwa, mali bila daftari hupotea bila habari.

Tano: mambo ya kutazama katika karatasi

Unapopewa karatasi, usione haya kuomba uichukue nyumbani usome. Msomee mwenzi wako, au mtu unayemwamini. Weka kidole juu ya kila moja ya mambo haya:

1. Jina la mkopeshaji na leseni yake. Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mtu au kampuni inayofanya biashara ya kukopesha inatakiwa kuwa na leseni. Mwezi wa Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Basi uliza kwanza, ndipo ukope.

2. Fedha utakayopokea mkononi, na jumla ya fedha utakayorudisha. Tafuta tarakimu hizo mbili. Kama moja haimo, iandikwe.

3. Riba, na muda wake.

4. Faini ya kuchelewa. Ni kiasi gani, na huanza siku ya ngapi?

5. Dhamana. Ni kitu gani kitachukuliwa ukishindwa? Ikiwa ni nyumba ya familia, kumbuka kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Bwana, usimfiche bibi. Bibi, usimfiche bwana.

6. Nafasi tupu. Usitie sahihi wala dole gumba katika karatasi yenye mahali palipoachwa wazi. Piga mstari katika nafasi hiyo kwanza. Leo ni tupu, kesho inaweza kuandikwa tarakimu usiyoijua.

7. Nakala yako. Usiondoke bila nakala. Na kila ulipapo rejesho, dai stakabadhi. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe.

Mkigombana, baraza litasoma karatasi. Ni vigumu kuthibitisha maneno mliyoambiana chini ya mwembe. Mkopeshaji akisema, "Usijali, hilo halina maana," mwambie kwa upole, "Kama halina maana, ndugu, basi tulifute."

Neno kwa wadhamini. Jirani akikuomba umdhamini, usidhani unamsaidia kwa jina tu. Mdhamini ni mtu aliyeahidi kulipa. Jirani akikimbia, deni ni lako. Kwa hiyo nawe uisome karatasi yote, kama vile wewe ndiye unayekopa.

Sasa redio itanyamaza kidogo. Zungumzeni katika darasa.

Maswali ya kuzungumza

1. Ni nani kati yetu aliyewahi kutia sahihi karatasi asiyoisoma? Ni nini kilichomfanya asiisome?
2. Kwa nini mtu anayejua kusoma naye hudanganyika?
3. Je, katika kijiji au mtaa wetu kuna chama cha kuweka na kukopa? Riba yake ni kiasi gani, na kwa muda gani?

Hesabu za kufanya

1. Unakopa shilingi 50,000 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Riba haizai riba. Unalipa yote baada ya miezi 4. Utalipa jumla ya shilingi ngapi?
2. Karatasi inasema mkopo ni shilingi 100,000. Umepokea 90,000. Unalipa 10,000 kila juma kwa majuma 12. Mkopo umekugharimu kiasi gani?

Kazi ya nyumbani: kila mwanafunzi alete karatasi moja aliyoitia sahihi, ya mkopo, ya kupanga nyumba au ya kununua kitu. Afunike majina kwa mkono, nasi tutaisoma pamoja.

Kwaherini, ndugu. Tukutane katika somo lijalo.

Majibu: (1) Shilingi 60,000. (2) Shilingi 30,000.