Wakati wa kutafuta mshauri ni kabla kiinua mgongo hakijaingia

Mtumishi akikaribia kustaafu, washauri hujitokeza wenyewe. Jirani anamwambia ajenge fremu za biashara. Shemeji anamshawishi anunue bajaji mbili. Mtoto mkubwa ana wazo la kufuga kuku wa mayai, na dalali wa mtaani ana kiwanja ambacho mwenyewe anakiuza haraka kwa sababu ana shida. Wengi wao wana nia njema. Lakini ni nadra kumkuta hata mmoja aliyekaa na mstaafu huyo akamuuliza anadaiwa kiasi gani, ana watoto wangapi bado shuleni, anatumia dawa gani kila mwezi na pensheni yake itakuwa shilingi ngapi.

Maswali hayo ndiyo kazi ya mshauri wa fedha. Tatizo ni kwamba familia nyingi humkumbuka wakati mkupuo umeshatumika na ada ya shule inadaiwa.

Nchini Tanzania, watumishi wengi hustaafu kwa lazima wakiwa na miaka 60, na kwa hiari kuanzia miaka 55. Tarehe hiyo inajulikana miaka mingi kabla, kwa hiyo si jambo la kushtukiza. Kanuni zilizoanza kutumika Julai 2022, maarufu kama kikokotoo, ziliweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 33 ya mafao, sehemu iliyobaki ikilipwa kama pensheni ya kila mwezi. Mwaka 2024 Serikali ilipandisha kiwango cha mkupuo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mafao bado huja mwezi kwa mwezi. Pensheni ikiisha kabla ya mwisho wa mwezi, nyingine itaingia. Mkupuo ukiisha, umeisha.

Si kila jambo linahitaji mtaalamu

Kupanga bajeti ya nyumbani, kuweka akiba kwenye kikoba au kuamua kununua jokofu ni mambo ambayo mume na mke wanaweza kuyamaliza mezani. Mtaalamu anahitajika pale fedha inayohusika ni kubwa kiasi kwamba ikipotea familia haiwezi kuipata tena kwa mshahara, na pale uamuzi wenyewe ukishafanyika hauwezi kurudishwa nyuma.

Kiinua mgongo kina sifa zote mbili. Vivyo hivyo fedha za mirathi, fidia ya ardhi, au mkopo unaodhaminiwa kwa nyumba. Kwa nyumba, ikumbukwe kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mwanandoa anayeletewa karatasi asaini usiku, akiambiwa benki inasubiri asubuhi, ana haki ya kusema asubiriwe hadi apate mtu wa kumsomea.

Dalili nyingine iko ndani ya nyumba. Mume na mke wakianza kufichana kiasi kitakachoingia, au kila mmoja akiwa ameshaahidi fedha hiyohiyo kwa ndugu zake, wanahitaji mtu wa kati mwenye kalamu na karatasi. Namba zikiandikwa, ugomvi mwingi hupungua, kwa sababu wote wanaona kuwa milioni 40 haiwezi kulipa deni, kumalizia nyumba, kusomesha watoto wawili na kuanzisha biashara kwa wakati mmoja.

Mshauri au muuzaji?

Wastaafu watarajiwa huitwa kwenye semina, na huko hukutana na maofisa wa mifuko ya hifadhi ya jamii na wa benki. Semina hizo zina faida, lakini ofisa wa benki amekuja na bidhaa ya benki yake. Swali la kwanza kwa yeyote anayeshauri ni hili: analipwa na nani? Anayelipwa ada na mteja hufanya kazi ya mteja. Anayelipwa kamisheni kwa kila anachouza anaweza kusema kweli pia, ila maneno yake yapimwe.

Swali la pili ni leseni. Washauri wa uwekezaji, madalali wa soko la hisa na mameneja wa mifuko ya uwekezaji hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA. Wa bima husajiliwa na TIRA. Mtu asiyetaka kuonyesha leseni yake ameshajibu swali.

Swali la tatu ni hesabu. Tuseme hatifungani ya Serikali inatoa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Milioni 20 itazaa milioni 2.4 kwa mwaka, ikilipwa kwa awamu mbili. Anayeahidi asilimia 10 kwa mwezi anasema milioni 20 hiyohiyo, faida ikiachwa ndani, itapita milioni 62 ndani ya mwaka mmoja. Hakuna fremu wala kuku wa namna hiyo. Watanzania waliopanda fedha zao DECI kabla haijafungwa mwaka 2009 walijifunza somo hilo kwa gharama kubwa.

Nini cha kubeba

Anayekwenda kwa mshauri abebe taarifa ya michango kutoka kwenye mfuko wake, orodha ya madeni yote yakiwemo ya kausha damu ambayo watu huona aibu kuyataja, ada za shule zilizobaki, na nakala ya hati ya nyumba. Mume aende na mke wake, au mke na mume wake. Ushauri uliosikiwa na mmoja hufika nyumbani nusu.

Muda mzuri ni mwaka mmoja au miwili kabla ya kustaafu, wakati mshahara bado unaingia na deni linaweza kupunguzwa taratibu. Kwa ambaye fedha zimeshaingia na hajajipanga, bado hajachelewa. Anaweza kuziweka benki kwenye akaunti ya muda maalumu kwa miezi mitatu huku akitafuta mshauri. Dalali atalalamika kuwa kiwanja kitachukuliwa. Kikichukuliwa, viwanja vingine vipo. Kiinua mgongo cha pili hakipo.